Ovalodi si adui wa mwenye mashine

Mashine ya kusaga ikinyamaza Liuli au Mbamba Bay, akina mama hujitwisha mahindi na muhogo kwenda kutafuta nyingine mbali. Mwenye mashine hulalamika kuwa umeme umemuunguzia mota. Mimi huuliza kwanza: ovalodi uliifanyaje?

Mota za mashine hizi hutumia umeme wa njia tatu. Njia moja ikikatika, mota inayozunguka haisimami. Huendelea kwa njia mbili zilizobaki, nazo huelemewa. Hunguruma, hupata joto, na vanishi ya nyaya zake huungua. Fyuzi huchelewa kukata, kwa kuwa huwekwa kubwa zistahimili umeme mwingi wa kuwashia. Mlinzi hasa ni ovalodi, kile kifaa kidogo chini ya kontakta: vipande vyake vya metali hupinda kwa joto na kukata umeme. Ifungwe kwenye ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Wapo wanaoipandisha ili isiwasumbue, kisha wanalipa fundi kusuka mota upya!

Ikikata, tafuta sababu kabla ya kubonyeza tena: beringi, mkanda uliokazwa mno, mahindi yasiyokauka, au unga ulioziba mapezi ya mota. Unga huo ufutwe kila jioni, umeme ukiwa umezimwa.