Je, Wajua? Piko, Panga na Kitanzi

Je, wajua kwamba Kilifi kuna wazee wanaopaka piko kichwani kwa kuhofia roho zao? Kwingine mvi humpa mtu kiti cha mbele. Huku zaweza kumpa jina la mutsai, yaani mchawi kwa Kigiriama, na jina hilo likishamganda, panga haliko mbali. Kutoka Bofa, kwenye ufuo mweupe na hoteli zake, unapanda bara tu hadi Ganze, iliko Kaya Godoma, kimbilio la wazee waliotajwa na jamaa zao wenyewe. Ukidadisi chanzo, mara nyingi kisa huanzia kwenye shamba: baba bado hajagawa ardhi, mtoto ukooni anafariki ghafla, na mtu anakumbuka kuwa kichwa cha mzee ni cheupe.

Sheria ya Uchawi ya Kenya imetimiza miaka mia. Ni ya mwaka 1925, na wengi wetu hudhani inamsaka mchawi peke yake. Kumbe inamsaka na anayetaja: kumwita mtu mchawi, au kumtishia kumwita hivyo, ni kosa la jela. Ila ukienda kumtaja kwa chifu au polisi, huna kosa. Mkoloni alitaka uvumi uletwe ofisini, usiishie kilabuni kwa mnazi.

Mzee akiuawa, watu huwageukia madiwani wakidai sheria kali. Wanabisha mlango usio sahihi. Katiba ya 2010 imeacha polisi na makosa ya jinai mikononi mwa Serikali Kuu. Bunge la kaunti haliwezi kumwongezea muuaji hata siku moja gerezani. Hata makaburi ya waumini waliofunga hadi kufa huko Shakahola, humu humu Kilifi, yalipofukuliwa mwaka 2023, na miili hatimaye kupita 400, Seneti ndiyo iliyounda kamati maalumu, chini ya Danson Mungatana wa Tana River.

Je, wajua pia kwamba vijana wawili wakimpora mtu simu ufuoni kwa kumsukuma, hata bila kisu, wanaweza kuhukumiwa kifo? Miaka ya mwanzo ya 1970, wananchi walipochoshwa na majambazi wenye bunduki, Bunge liliweka adhabu ya kifo kwa wizi wa mabavu. Lakini kifungu kilichotungwa kwa ajili ya bunduki kimeandikwa kwa upana wa ajabu: silaha ya hatari, au kumjeruhi mtu, au kuwa na mwenzako tu, lolote moja latosha.

Hapo ndipo sheria inapochekesha, kama kitanzi kinaweza kuchekesha. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani, ikikaa Mombasa, ilikataa kifo cha lazima kwa muuaji. Mahakama ya Juu ikasema vivyo hivyo Desemba 2017. Mwaka 2021 ikafafanua: uamuzi ule ulihusu mauaji pekee. Kwa hiyo jaji anayemhukumu muuaji ana nafasi ya kupima adhabu, lakini aliyepora simu na mwenzake hakuguswa na uamuzi huo. Tena kesi yake haianzii hata kwa jaji. Hakimu anaweza kumhukumu kifo.

Hasira za wananchi zilizaa kifungu kingine pia. Novemba 2014 wanawake walijaa barabara za Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani kwenye kituo cha matatu. Mwezi uliofuata, katika muswada wa usalama ulioletwa baada ya mashambulizi ya Mandera, wabunge walipenyeza kifungu kipya: anayemvua mtu nguo afungwe si chini ya miaka 10. Muswada wenyewe ulipita kwa vurugu, karatasi zikichanwa na Naibu Spika Joyce Laboso akimwagiwa maji. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane vyake. Hiki cha nguo kikabaki.

Julai 2017, hakimu wa Nairobi aliwahukumu kifo wanaume watatu waliomvua mwanamke nguo ndani ya basi huko Githurai. Kilichowapa kifo ni kile kifungu cha miaka ya sabini, kwa sababu walimnyang'anya pia simu na pesa. Hata hivyo, mara ya mwisho Kenya kumnyonga mtu ilikuwa 1987, na kosa lilikuwa uhaini.