Ganzi ya Mgongoni: Tofauti ya Lidokaini na Bupivakaini

Baadhi ya wajawazito wanaoelezwa kuwa watajifungua kwa upasuaji huhofu sindano ya mgongoni kuliko upasuaji wenyewe. Hofu hiyo huweza kumchelewesha mama kutoa ridhaa, ilhali kila dakika ina thamani kwake na kwa mtoto. Ni vema wakazi waifahamu huduma hii, iwe katika hospitali za wilaya au katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tanga, Bombo.

Sindano hiyo huchomwa kiunoni, chini ya mahali uti wa mgongo unapoishia kwa mtu mzima. Dawa huchanganyika na maji yanayozunguka mishipa ya fahamu na kuzuia maumivu yasifike ubongoni. Mgonjwa hubaki macho, na mama huweza kumsikia mwanawe akilia.

Mwaka 1898, daktari August Bier wa Kiel, Ujerumani, alitumia kokaini kwa njia hii. Baadaye zilitengenezwa nchini Sweden dawa zilizo salama zaidi: lidokaini katika miaka ya 1940 na bupivakaini mwaka 1957.

Lidokaini huanza kazi mapema, na ganzi yake hudumu takriban saa 1 hadi saa 1 na nusu. Yafaa kwa upasuaji mfupi. Lakini kazi ikirefuka, maumivu huweza kurudi kabla ya jeraha kushonwa. Aidha, tafiti zimeonyesha kuwa wanaopewa lidokaini hupata mara nyingi zaidi maumivu ya matako na miguu baada ya ganzi kuisha, ingawa kwa kawaida hutoweka ndani ya siku chache.

Bupivakaini hudumu saa 2 au zaidi, na maumivu hayo huwa nadra. Kwa sababu hiyo hupendelewa katika upasuaji wa kujifungua. Ikichanganywa na glukosi huwa nzito kuliko maji ya uti wa mgongo, hivyo mtaalamu huongoza ueneaji wake kwa namna anavyomlaza mgonjwa. Upungufu wake ni kwamba miguu huchelewa kurejewa na nguvu.

Dawa zote mbili huweza kushusha shinikizo la damu. Ndiyo maana mgonjwa huwekewa dripu na kupimwa mara kwa mara. Wachache huumwa kichwa kinachozidi wanapoketi, nao hutibiwa. Kupooza kwa kudumu ni nadra mno, na tafiti hazijathibitisha kuwa sindano hii huleta maumivu ya mgongo ya kudumu. Maumivu ya kiuno huwapata hata wengi waliojifungua kwa njia ya kawaida.

Kabla ya upasuaji, mgonjwa amweleze mtaalamu wa ganzi iwapo ana mzio wa dawa, ugonjwa wa moyo, kidonda mgongoni, tatizo la damu kutoganda, au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Familia nazo zinahimizwa kuuliza maswali mapema kliniki, ili saa ya dharura isiwe saa ya mabishano.