Gharama ya ubatizo bara ya Mikindani

Barua kwa kanisa la Thiatira, katika Ufunuo, inakemea kula vitu vilivyotolewa sadaka kwa sanamu. Msomaji wa leo hudhani ni suala la mwiko wa chakula tu. Thiatira, kwao Lidia muuza zambarau, ulikuwa mji wa vyama vya mafundi. Chama kilikuwa na karamu zake, na karamu ilikuwa na miungu yake. Mkristo aliyesusa meza aliweza kukosa kazi.

Hesabu kama hiyo ilijitokeza tena kusini mwa Tanzania ya leo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alipanda kutoka Lindi na watumwa waliokombolewa, akawaacha Masasi. Hao ubatizo haukuwapunguzia kitu, maana misheni ndiyo iliyokuwa ukoo wao na shamba lao. Hata Wangoni walioitwa Magwangwara walipovamia mwaka 1882 na kuteka watu, hawakuwa na kwingine kwa kurudi.

Wenyeji, yaani Wamakua, Wayao na Wamakonde, walikuwa na cha kupoteza. Mapadre walitaka mwanamume abaki na mke mmoja. Padre aliona dhambi, mkuu wa mji akaona majembe. Wake ndio waliolima chakula cha wageni na cha wenye mashauri, na mkuu asiyelisha watu hana watu. Kisha kulikuwa na pwani. Nguo na baruti zilitoka Mikindani na Lindi, kwa Waislamu, na biashara ile iliendeshwa kwa kuaminiana. Aliyesilimu alipata ndugu huko. Aliyebatizwa alipata shule, ambayo faida yake ilichelewa.

Kijana aliyetaka ubatizo naye alikabiliwa na kuacha jando la kimila. Asiyeingia hakuhesabiwa mtu mzima, na kuoa kukawa taabu. Hapo ndipo Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alipoanzisha jando la Kikristo, lenye sala pamoja na tohara. Wengi humsifu kwa kuheshimu mila. Mimi namsifu kwa kujua hesabu: alimpunguzia kijana gharama ya kuwa Mkristo.

Kwenye ndoa kanisa halikulegeza. Mwenye wake wengi aliyetaka maji ya ubatizo alitakiwa kuwaacha wengine, na mke aliyeachwa akarudi na watoto kwa ndugu zake, akilipia ubatizo ambao hakuuomba yeye.