Uteuzi Asilia na Usugu wa Vimelea vya Malaria: Funzo la Klorokwini

Husemwa mara nyingi, hata katika nyaraka za kitaalamu, kuwa vimelea vya malaria "vimeizoea" dawa. Kauli hiyo inaeleweka kwa wepesi, lakini inaficha kiini cha nadharia iliyowasilishwa London mwaka 1858 kwa majina ya Charles Darwin na Alfred Russel Wallace. Kuzoea ni jambo la kiumbe mmoja katika uhai wake. Mageuko hutokea katika jamii nzima ya viumbe, kizazi baada ya kizazi. Kimelea kimoja hakijifunzi lolote.

Masharti ya uteuzi asilia ni machache: viumbe vitofautiane, tofauti hizo zirithiwe, na baadhi yazo ziviwezeshe vyenye nazo kuacha wazao wengi zaidi. Mgonjwa mmoja wa malaria huweza kubeba mabilioni ya vimelea, na katika wingi huo makosa ya kunakili jeni hayaepukiki. Dawa haiumbi makosa hayo. Huviua vimelea visivyo nayo, na kuviachia uwanja vile vichache vilivyo nayo.

Malawi ilionyesha kanuni hii kwa namna ambayo maabara isingeweza. Nchi hiyo iliacha kutumia klorokwini mwaka 1993. Mwaka 1992 jeni ya usugu ilionekana katika asilimia 85 hivi ya maambukizi yaliyochunguzwa. Kufikia mwaka 2000 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 13. Jaribio la tiba lililofanyika Blantyre na kuchapishwa mwaka 2006 lilikuta klorokwini ikifaulu kwa watoto 79 kati ya 80. Vimelea havikuwa "vimesahau" dawa. Usugu una gharama yake, na pasipo klorokwini vimelea sugu vilizidiwa na wazao wa vile vya kawaida ambavyo dawa haikuwa imevimaliza.

Leo swali hilo limehamia kwenye dawa mseto. Nchini Rwanda na kaskazini mwa Uganda vimethibitika vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini, na uchunguzi wa jeni unaonyesha kuwa vilizuka humu humu Afrika, havikuletwa kutoka Asia. Katika mseto unaotumika zaidi, artemetha hutoka mwilini kwa saa chache, ilhali lumefantrini hubaki kwa siku kadhaa. Iwapo artemetha itapunguza vimelea polepole kuliko ilivyotarajiwa, lumefantrini itaachwa kupambana peke yake na vimelea vingi zaidi, na uwezekano wa kuteua vinavyoistahimili utaongezeka. Kwa hiyo uamuzi wa wizara kuhusu dawa ipi itangulie, kwa muda gani, na kama mseto mmoja utumike nchi nzima au kadhaa kwa pamoja, ni uamuzi kuhusu vimelea vipi vitazaana. Mbu nao hawasimami mpakani, na sera ya nchi moja huteua vimelea vya jirani pia.