Je, Wajua? Ndege Ilikatwakatwa, Kalibu Ikabaki

Je, wajua kwamba Fairey Rotodyne, nusu ndege nusu helikopta, ilitengenezwa moja tu duniani? Iliruka mara ya kwanza Uingereza, tarehe 6 Novemba 1957. Vijijeti kwenye ncha za panga zake vilizizungusha hadi ikapaa wima. Ikishakuwa angani vilizimwa, panga zikajizungukia kwa upepo huku injini mbili za mabawani zikiisukuma mbele. Januari 1959 iliweka rekodi ya kasi kwa ndege za aina yake, kilomita 307 kwa saa. Mradi ukafutwa 1962, kelele za vijijeti zikiwa miongoni mwa lawama, na ndege ikakatwakatwa. Vipande vilivyosalia viko katika makumbusho ya helikopta ya Weston-super-Mare.

Je, wajua kwamba kampuni ya Airfix iliitolea modeli ya plastiki mwaka 1959, ndege yenyewe ikiwa bado kwenye majaribio? Kalibu ya chuma, ile inayomiminiwa plastiki kuunda vipande, ilitunzwa kuliko ndege. Takriban miaka 60 baadaye modeli ikatolewa upya katika mfululizo wa Vintage Classics, hivyo anayetaka kuiona Rotodyne ikiwa nzima huijenga mezani kwake. Jambo hilo hunigusa kila nifunguapo boksi.

Katika kipimo cha 1:72, panga zenye kipenyo cha mita 27 huwa sentimita 38, upana wa sinia la pilau.

Pitisha kidole ubavuni mwa modeli: vipele vya ribiti vimejaa. Ribiti halisi ukiigawa kwa 72 hata haionekani! Wengi huvisugua kwa msasa. Mimi naviacha, maana ni mkono wa fundi wa 1959.

Na ule utando mwembamba kingoni mwa vipande? Kalibu iliyozeeka haifumbi barabara, plastiki ya moto hupenya ufani. Ukate kwa kisu kabla ya gundi. Gundi yenyewe huyeyusha plastiki, vipande viwili vikawa kimoja. Ukizidisha, alama ya kidole chako itabaki humo milele.

Je, wajua Douglas X-3 ya Marekani, yenye pua ndefu kama chuchunge? Ilikusudiwa kwenda mara mbili ya kasi ya sauti, lakini injini zilikuwa dhaifu, ikaipita kasi ya sauti kwa kupiga mbizi tu. Nayo ina modeli ya tangu miaka ya 1950, ya kampuni ya Lindberg.

Kalibu nyingine nazo zimenusurika: mwaka 2018 kampuni ya Atlantis ya New York ilinunua kalibu nyingi za zamani za kampuni za modeli za Revell na Monogram. Zingeweza kuishia chuma chakavu.

Turudi mezani: modeli yenye gurudumu la mbele ikikaa mkia chini, tia chubwi ya mshipi puani kabla hujaufunga mwili.

Na ukipata boksi la zamani ambalo stika zake zimegeuka manjano, usizitupe. Zitie kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, uubandike dirishani penye jua. Baada ya siku kadhaa weupe hurudi.