Jua la Nakuru linakuwasha ngozi? Tafuta kwanza linashirikiana na nini

Umetoka nyumbani Kaptembwo asubuhi ukiwa fiti, fulana ya mikono mifupi, siku nzima uko juani. Jioni mikono na kifua vinawasha ajabu. Vipele vidogo vimetapakaa na kucha hazitulii. Kila rafiki ana jibu lake: "Ni maji ya huku," "Umekula kitu kibaya," "Oga na sabuni kali." Huenda wote wamekosea. Yawezekana ni jua.

"Lakini mimi ni mweusi, jua litanifanya nini?" Kweli, melanini ni kinga. Ila kinga hiyo hukadiriwa kuwa sawa na losheni ya SPF 13 hivi, basi. Nalo jiji la Nakuru liko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na ikweta inapita hapo Mogotio. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba kila ukipanda mita 1,000, miale ya UV huongezeka kwa karibu asilimia 10. Kibaridi cha hapa ndicho hudanganya watu: husikii joto, kumbe ngozi inachapwa.

Angalia nguo inapoishia

Kabla ya kununua chochote, simama mbele ya kioo. Vipele viko wapi?

Vikiwa shingoni, kwapani au chini ya nguo iliyobana, pale jasho linapokwama, pengine hiyo ni harara tu. Inataka hewa na nguo nyepesi.

Vikiwa pale ngozi ilipokuwa wazi, yaani kifuani juu ya shati, mikononi na nyuma ya shingo, halafu vinakatika nguo inapoanzia, mshuku jua. Mara nyingi hutokea saa chache baada ya kukaa juani, au hata kesho yake, na hupungua baada ya siku kadhaa ukikaa kivulini.

Nani anashirikiana nalo?

Wakati mwingine jua halifanyi kazi peke yake. Jiulize wiki hii umejipaka au umemeza nini.

Ndimu na limau usoni "kutoa madoa" ni mfano mzuri. Maji yake yakikutana na jua huweza kuunguza ngozi na kuacha alama nyeusi za wiki nyingi. Marashi shingoni pia yanaweza kuleta shida.

Dawa nazo zimo. Doksisaiklini, ambayo vijana wengi huandikiwa kwa chunusi, huifanya ngozi iwe nyepesi kuungua. Septrin pia inaweza. Usiache dawa uliyoandikiwa. Rudi umweleze aliyekuandikia.

Halafu kuna krimu za kujichubua. Zinapunguza melanini, ile kinga yako ya bure, kisha unatoka nayo saa sita mchana. Hapo unajitafutia.

Leo usiku ufanye nini?

Weka kitambaa kilicholowa maji baridi panapowasha. Paka kalamaini, au mafuta yasiyo na manukato. Piriton hupunguza mwasho lakini huleta usingizi, kwa hivyo kama wewe ni wa boda boda, usiimeze kisha ukapanda pikipiki.

Usikubali krimu ya "mchanganyiko" isiyo na lebo. Nyingi za namna hii huwa na steroidi. Daktari anaweza kukuandikia steroidi kwa siku chache, na inasaidia. Lakini ukijipaka usoni kila siku bila kipimo, ngozi inakuwa nyembamba, chunusi zinafumuka, na ukiacha, mwasho unarudi na hasira.

Kesho je?

Kinga ya bei nafuu ni nguo: mikono mirefu, kofia yenye ukingo mpana, leso shingoni. Kivuli chako kikiwa kifupi kukuliko, jua ni kali; jisitiri. Ukinunua losheni, tafuta ya SPF 30 au zaidi inayokinga UVA na UVB, uipake kabla ya kutoka na kurudia kila baada ya saa mbili. Ukienda Nairobi kwa matatu, kumbuka kioo cha dirisha hupitisha UVA. Kaa upande wa kivuli au ufunike mkono.

Usisubiri

Ukipata malengelenge, homa au uvimbe wa macho na midomo, hasa baada ya kuanza dawa mpya, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Wekundu au weusi unaotanda mashavuni na juu ya pua, pamoja na uchovu na maumivu ya viungo, unaweza kuwa ugonjwa wa lupasi, na huo hauponi kwa krimu ya mtaani. Piga picha vipele vikiwa vibichi na ubebe kila unachojipaka na kumeza. Daktari akiviona, nusu ya kazi imeisha.