Dawa Halali Ikiitwa Bandia

Anayeishi na virusi vya Ukimwi katika sekta ya Butare, wilayani Rusizi, hamezeshwi dawa na wanasheria. Hata hivyo, kabla kidonge chake hakijafika pembe hiyo ya kusini-magharibi mwa Rwanda, sheria za hataza na za forodha huwa zimeshaamua kama kitapita. Rwanda haina bahari. Mombasa na Dar es Salaam ndizo bandari zake kuu. Ndiyo maana hukumu ya Nairobi, Kenya, kuhusu dawa inamgusa na mgonjwa huyo.

Mwaka 2008 Kenya ilitunga Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Nia ilikuwa njema, lakini kifungu cha 2 kiliieleza bidhaa bandia kwa mapana mno: hata iliyotengenezwa bila idhini ya mwenye haki miliki, iwe haki hiyo ipo Kenya au kwingineko. Tafsiri hiyo iliweza kuzinasa dawa za jenereki, yaani zile zenye kemikali na kipimo sawa na dawa asilia, zinazotengenezwa na kampuni nyingine kwa bei nafuu. Wakenya watatu wanaoishi na virusi wakaenda Mahakama Kuu mwaka 2009.

Kisayansi, dawa bandia na jenereki hazifanani. Dawa bandia humdanganya mgonjwa: huenda haina kemikali inayotibu, au inayo pungufu. Jenereki hupimwa waziwazi. Watu waliojitolea humeza dawa asilia, na kwa wakati tofauti jenereki, kisha damu yao huchukuliwa mara kadhaa kuona dawa imeingia kiasi gani na kwa kasi gani. Kanuni inayotumiwa sana hudai kwamba uwiano wa dawa hizo mbili, pamoja na ukingo wote wa makadirio yake, ukae kati ya asilimia 80 na 125. Kwa kuwa ukingo mzima lazima uenee humo, wastani wenyewe kwa kawaida hukaribiana sana. Hakuna hatua ya kipimo hicho inayouliza hataza ni ya nani.

Tarehe 20 Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu vya 2, 32 na 34, kwa kadiri vinavyozuia dawa nafuu, vinakiuka haki ya uhai, utu na afya. Serikali ikatakiwa kukitazama upya kifungu cha 2.

Kabla ya hukumu hiyo, Rwanda ilikuwa imeshauonja uzito wa hataza. Julai 2007 ilikuwa nchi ya kwanza kulijulisha Shirika la Biashara Duniani kwamba itaagiza jenereki chini ya leseni ya lazima, yaani kibali cha serikali cha kutengeneza dawa bila ridhaa ya mwenye hataza: pakiti 260,000 za dawa ya Ukimwi yenye kemikali tatu, kutoka kampuni ya Apotex ya Kanada. Kanada ilitoa leseni Septemba mwaka huo. Shehena ya kwanza ikaondoka Septemba 2008. Ukimwi haungoji makaratasi kwa mwaka mzima.

Mwenye uvumbuzi anastahili kulindwa, na wauza dawa feki wanastahili adhabu kali. Lakini umiliki huthibitishwa kwa nyaraka, na usalama kwa maabara. Watunga sheria wa Afrika Mashariki watenganishe maswali hayo mawili tangu kifungu cha kwanza, wasiwaachie wagonjwa kazi ya kwenda kuyatenganisha mahakamani.